Tarehe za Kurudi kwa Kristo: Usomaji Mbaya Unaoangamiza Watu

Jumamosi iliyopita nilisimama kwa muda wa nusu saa karibu na stendi ya mabasi hapa Babati nikimsikiliza mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti. Alikuwa na Biblia iliyochakaa kwa kusomwa, na ubao mweupe alioujaza hesabu kwa kalamu nyekundu. Alianza na mwaka 1948, akajumlisha, akarejea kitabu cha Danieli, akazidisha, na mwishowe akatangaza kwamba Kristo atarudi kabla mbaazi zilizoko mashambani hazijavunwa. Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Kando yangu alisimama kijana ninayemfahamu, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo kuna faida yoyote ya yeye kurudi chuoni muhula ujao.

Swali la kijana huyo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mhubiri atahamia mji mwingine na ubao wake. Kijana atabaki hapa, na ada aliyolipiwa na mama yake kwa kuuza mahindi haitarudi.

Msimamo wangu nautamka mapema ili msomaji asinielewe vibaya. Sipingi tumaini la Wakristo kwamba Bwana wao atarudi. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hukiri katika Imani ya Nikea kwamba atakuja tena kwa utukufu, nao hukiri hivyo bila kutaja tarehe. Ninachokipinga ni kuyachukua maneno ya wakati yaliyomo katika Biblia, kuyang'oa mahali yalipopandwa, na kuyageuza kuwa kalenda. Nasema usomaji huo ni mbovu kielimu, unapingana na kitabu chenyewe unachodai kukiheshimu, na katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki umekwisha kuua mamia ya watu.

Neno la wakati halisimami peke yake

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa watu wa mwisho kudanganywa katika jambo hili. Saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza, kama walivyohesabu Wayahudi wa zama za Yesu. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili akisoma mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, katika Mathayo sura ya 20, anaelewa mara moja kwamba mtu aliyeajiriwa saa kumi na moja aliingia kazini jua likikaribia kuzama. Mzungu akilisoma neno hilo bila maelezo atadhani ni muda mfupi kabla ya adhuhuri. Neno ni lile lile, lakini anayetoka nje ya desturi iliyolizaa anapotea kwa saa sita nzima.

Tukija karibu zaidi, ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuambiwa na kondakta pale stendi kwamba gari linaondoka "sasa hivi"? Abiria mzoefu anajua kwamba maana yake ni gari likijaa. Kondakta hajasema uongo na abiria hajadanganyika, kwa sababu wote wawili wanazifahamu desturi za stendi. Mgeni anayetazama saa yake ya mkononi na kuanza kugomba ndiye aliyesoma vibaya.

Basi, kabla ya kuuliza neno "upesi" au "kizazi hiki" lina maana ya miaka mingapi, ni lazima tuulize maswali manne: nani anasema, anamwambia nani, kuhusu jambo gani, na kwa aina gani ya usemi? Mhubiri wa stendi hakuuliza hata moja. Tumuulizie sisi.

Kizazi kipi?

Nguzo kuu ya hesabu zake ilikuwa Mathayo 24:34, ambapo Yesu anasema kwamba kizazi hiki hakitapita mpaka mambo hayo yote yatimie. Mhubiri alisema kizazi hicho ni cha waliozaliwa wakati taifa la Israeli lilipoundwa mwaka 1948. Hoja hii si yake. Mmarekani Hal Lindsey aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1970, akidokeza kwamba kizazi ni miaka 40 hivi. Ukijumlisha unapata 1988, na kwa hakika mwaka huo mwandishi mwingine, Edgar Whisenant, alitoa kijitabu chenye sababu 88 za kuamini kwamba kanisa lingenyakuliwa mwaka ule ule. Mwaka ukapita. Badala ya kukiri kwamba kanuni ni mbovu, warithi wa hesabu hiyo wameurefusha tu urefu wa kizazi: wengine miaka 70, wengine 80. Kipimo kinachorefushwa kila kinapokosea hakistahili kuitwa kipimo.

Hebu turudi kwenye sura yenyewe. Inaanza na wanafunzi wakimwonyesha Yesu majengo ya hekalu. Anawaambia kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Wao, wakiwa wameketi juu ya Mlima wa Mizeituni, wanamuuliza mambo hayo yatakuwa lini. Jibu linatolewa kwa watu wanaolitazama jengo fulani katika mji fulani. Sura moja kabla, katika 23:36, maneno "kizazi hiki" yanawahusu waziwazi watu waliokuwa wakimsikiliza, na ndivyo yalivyo pia katika sura ya 11 na ya 12. Mwaka 70, yaani miaka 40 hivi baada ya mazungumzo hayo, majeshi ya Rumi chini ya Tito yaliuteka Yerusalemu na kuliteketeza hekalu. Baadhi ya watu wa kizazi kile walikuwa bado hai.

Sidai kwamba hapo maswali yote yamekwisha. Sura hiyo inazungumza pia juu ya kuja kwa Mwana wa Adamu, na wafasiri waaminifu wametofautiana kwa karne nyingi kuhusu mahali ambapo habari za hekalu zinaishia na habari za mwisho wa dunia zinapoanzia. Lakini tofauti hiyo ni ya watu wanaoisoma sura nzima. Hakuna njia halali ya kuufikia mwaka 1948 kutoka katika sura ambayo hailitaji kabisa taifa jipya, bali inataja kubomolewa kwa hekalu la zamani.

Siku kuwa mwaka, mwaka kuwa siku

Nguzo ya pili ilikuwa kuzigeuza siku kuwa miaka. Huu nao ni mkopo wa zamani. William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti wa Marekani, alizichukua siku 2300 za Danieli 8:14, akazihesabu kuwa miaka 2300, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, akapata takriban 1843. Baadaye wafuasi wake wakaishikilia tarehe 22 Oktoba 1844. Maelfu walisubiri, na wako walioacha mazao shambani bila kuvunwa. Kulipopambazuka tarehe 23 walilia. Historia imeiita siku ile Masikitiko Makuu. Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo mizizi yake imo katika vuguvugu hilo na ambalo lina waumini wengi hapa nchini, lilijifunza kutopanga tarehe tena.

Wanaotetea kanuni hiyo hutaja Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Ni kweli kwamba huko siku moja inahesabiwa kuwa mwaka mmoja. Lakini huko andiko lenyewe linatangaza hivyo, kwa tukio moja maalumu. Halikutupa ufunguo wa kufungulia kila namba iliyomo katika Biblia. Na kama ni ufunguo wa kila mlango, mbona hakuna anayesema kwamba Yesu alikaa kaburini miaka mitatu?

Wengine hukimbilia Waraka wa Pili wa Petro, 3:8, wakisema siku moja kwa Bwana ni miaka elfu. Hivyo juma la uumbaji ni miaka elfu saba, na sisi tuko jioni ya siku ya sita. Wanaukata mstari katikati. Nusu yake ya pili inasema kwamba miaka elfu ni kama siku moja. Usemi unaokwenda pande zote mbili hauwezi kuwa kanuni ya hesabu. Petro anawajibu watu waliodhihaki kwamba ahadi imechelewa, na jibu lake ni kwamba Mungu hakawii, bali anavumilia ili watu watubu. Mstari uliotolewa kuzuia watu wasihesabu ndio unaotumiwa kuhesabia.

"Upesi" kwa nani?

Kitabu cha Ufunuo kinaanza na kumalizika kwa neno "upesi". Msomaji aliyekiokota leo hudhani ameandikiwa yeye. Lakini barua ile imeandikiwa makanisa saba ya Asia Ndogo, kuanzia Efeso hadi Laodikia, miji halisi chini ya dola ya Rumi, ambako kumkiri Kristo kungeweza kumgharimu mtu mali au maisha. Danieli aliamriwa aifunge njozi yake kwa sababu ilihusu siku nyingi zijazo (8:26). Yohana anaambiwa asiufunge unabii wake kwa sababu wakati u karibu (22:10). Kama neno "karibu" halikuwa na maana yoyote kwa mfinyanzi au mfanyabiashara wa Smirna aliyesikia barua ile ikisomwa, basi Yohana aliwacheza shere watu waliokuwa wakiteswa. Siamini hivyo. Kwao lilikuwa neno la faraja: mtesi wenu hatadumu. Waumini wa kila zama wamechota faraja hiyo hiyo, na ni haki yao. Faraja haijawahi kuhitaji tarehe.

Kuna wasomi wanaokwenda upande wa pili na kusema kwamba Yesu na mitume walitarajia mwisho katika maisha yao, wakakosea. Albert Schweitzer, yule mwanateolojia aliyekuja baadaye kuwa daktari kule Lambaréné, Gabon, aliijenga hoja hiyo kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1906. Sikubaliani na hitimisho lake. Naona kwamba Mathayo 16:28, mahali anaposema baadhi ya waliosimama pale hawataonja mauti kabla ya kumwona akija katika ufalme wake, inafuatwa mara moja na habari za kugeuka sura mlimani siku sita baadaye, wala si bahati kwamba waandishi wa Injili waliyapanga hivyo. Hata hivyo Schweitzer aliwaheshimu wasikilizaji wa kwanza. Yuko karibu zaidi na andiko kuliko mhubiri anayejifanya kwamba Yesu alikuwa akizungumza na watu wa karne ya 21 huku Petro na Yohana wakiwa wamekaa tu kama mapambo.

Ujanja wa mwisho

Nilipomwendea mhubiri baada ya mahubiri, nilimkumbusha Marko 13:32, kwamba siku ile wala saa ile hakuna aijuaye, hata Mwana. Alitabasamu kama mtu aliyelizoea swali. Akasema: "Mwalimu wangu, siku na saa hatujui. Mwezi na mwaka tunajua."

Huu ndio ujanja wa mwisho wa wapanga tarehe wote, nao umezibwa katika Matendo ya Mitume 1:7. Wanafunzi wanauliza swali la kisiasa hasa: je, wakati huu ndipo utawarudishia Israeli ufalme? Wanajibiwa kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira. Kigiriki kinatumia hapo maneno mawili, lile la muda unaopimwa kwa urefu na lile la majira yanayofaa kwa jambo fulani. Kati ya hayo mawili hakuna pengo ambamo mwezi na mwaka vinaweza kujificha. Kisha, badala ya tarehe, wanapewa kazi: mtakuwa mashahidi wangu. Tena mfano uliochaguliwa ni ule wa mwizi wa usiku. Mwizi hatangazi saa yake. Na jirani anayeijua saa ya mwizi anapaswa kuulizwa maswali.

Kanungu, Shakahola, na gharama ya makosa

Huenda msomaji akasema: haya ni mabishano ya wanateolojia, yanatuhusu nini sisi watumishi wa umma na wanaharakati? Yanatuhusu kwa sababu ya makaburi.

Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, viongozi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde miongoni mwao, walifundisha kwamba dunia ingekwisha mwaka 1999 ukimalizika. Waumini waliuza mali zao na kukabidhi fedha. Januari 2000 ikafika na jua likachomoza kama kawaida. Wapo walioanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lilifungwa kwa misumari na kuteketea na mamia ya watu ndani, watoto wakiwemo. Baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba zilizokuwa za kundi hilo. Tarehe iliyoshindwa haikuzaa toba.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioingia humo, wengi wao wakiwa wameaminishwa kwamba kwa kufunga hadi kufa wangekutana na Yesu. Kiongozi wa kanisa hilo, Paul Mackenzie, alishtakiwa na kukana mashtaka. Kabla ya njaa yalikuwapo mafundisho: shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, namba ya kitambulisho cha serikali ni alama ya mnyama. Alikuwa amekamatwa zaidi ya mara moja miaka ya nyuma. Dalili zilikuwapo, na walioziona walikuwapo.

Na mwezi Septemba 2025 video ya mhubiri wa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, aliyetaja tarehe 23 na 24 za mwezi huo kuwa siku za unyakuo, ilizunguka dunia nzima kwa simu. Tarehe zikapita. Ni haki kusema kwamba wapo wapanga tarehe waliojuta: Harold Camping wa Marekani, aliyetangaza tarehe 21 Mei 2011 na kisha 21 Oktoba, alikiri mwaka uliofuata kwamba alitenda dhambi. Lakini majuto yake hayakurudisha akiba za waliomwamini.

Matope ya Katesh

Hapa Manyara tunalo somo letu wenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa, na matope, mawe na magogo yakaporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Siku zile zile nilisikia mahubiri yakisema hizi ndizo dalili, mwisho umefika. Lakini soma Mathayo 24:6-8 polepole. Vita, njaa na matetemeko vinatajwa pale kwa kusudi la kuwaambia wanafunzi wasitishike, kwa kuwa mwisho bado. Vinaitwa mwanzo wa utungu. Wapanga tarehe wameyageuza maneno ya utulivu kuwa king'ora.

Kugeuza huko kuna matokeo ya kisiasa. Ikiwa matope ya Katesh ni dalili tu, basi hakuna haja ya kuuliza kuhusu miamba dhaifu inayofyonza maji, miti iliyokatwa, nyumba zilizojengwa kwenye mkondo wa maji, wala mfumo wa kutoa tahadhari. Mwisho wa dunia hauna mkandarasi, hauna bajeti, wala hauna afisa wa kuwajibishwa. Ndiyo maana naamini kwamba viongozi wazembe hawana rafiki mkubwa kuliko mpanga tarehe.

Nini kifanyike

Kwa watumishi wa umma: Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa imani, na sitaki serikali ianze kusahihisha mahubiri. Serikali inayoamua leo tafsiri ipi ya Danieli ni halali, kesho itaamua hotuba ipi ya kisiasa ni halali. Kazi ya dola ni matendo. Mtoto ameondolewa shuleni? Mgonjwa amezuiwa kwenda hospitali? Familia imeuza shamba na fedha zimeishia kwa kiongozi? Hayo ni mambo ya sheria, ikiwemo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii hahitaji kujua Kigiriki ili kuyafuatilia.

Kwa wachungaji na mapadri: ukimya wenu ndio unaompa mwenye ubao nafasi. Watu wanauliza maswali ya kweli kuhusu nyakati, nanyi mnayakwepa kwa sababu ni magumu. Fundisheni sura nzima, msiwaachie watu mistari iliyokatwakatwa.

Kwa wanafunzi: Paulo aliwahi kukutana na hali yenu. Huko Thesalonike kulienea habari, pengine kwa barua iliyosingiziwa kuwa yake, kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika. Aliwaonya wasifadhaishwe upesi. Mbele kidogo katika waraka huo huo anakemea watu walioacha kufanya kazi, na anaagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Mifano ya Mathayo 24 na 25 inasema jambo hilo hilo: mtumwa anasifiwa kwa kukutwa akiwagawia wenzake chakula, wanawali kwa kuwa na mafuta ya kutosha bwana arusi akichelewa, na hukumu ya sura ya 25 inauliza juu ya mwenye njaa, mgeni na mfungwa. Mwenye kuhesabu miaka haulizwi chochote kuhusu hesabu zake.

Kijana yule nilimjibu palepale stendi. Nilimwambia: rudi chuoni. Kama Bwana wako atakuja kabla ya mitihani, akukute unasoma. Na kama hatakuja, mama yako atakuwa amepata alichokilipia. Alinishukuru, akaagana nami, akaenda kuulizia nauli ya Arusha.